Manamba, Kibarua na Kipande: Mfanyakazi wa Mkonge kutoka Ufipa

Anayemtafuta Mfipa wa mashamba ya mkonge katika Kiswahili atamkuta katika msamiati kabla ya kumkuta katika riwaya. Vijana waliotoka Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa kwenda Tanga, hasa baada ya wenye mashamba kuunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri wafanyakazi, mwaka 1944, walipewa namba. Namba ikawa jina lao: manamba.

Neno hili halijatazamwa vya kutosha. Kwa umbo ni wingi wa kitu, yaani namba nyingi. Kwa upatanisho ni kiumbe hai. Twasema “manamba amefika”, hata akiwa mmoja. Mofolojia ilimtia katika daftari la hesabu, sintaksia ikamtoa humo. Kibarua ana historia ya jinsi hiyo, kwani karatasi aliyopewa mtu wa kutwa iligeuka kuwa mtu mwenyewe. Tofauti ni kwamba hapa wazungumzaji wametenga: kibarua huja na kuondoka, lakini kazi yake ikipotea husemwa kuwa kibarua kimeota nyasi.

Tahakiki za kitabaka huzisoma Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) za Adam Shafi kwa kufuata mapambano, na ni sawa. Lakini majina nayo yanadai kusomwa. Mtumishi wa Fuad anaitwa Kijakazi. Hadhi aliyotwishwa ndiyo jina lake. Katika Kuli jalada linamtaja mfanyakazi kwa mzigo anaobeba, ilhali ndani tunampata Rashidi, mwenye jina na mwenye kwao. Hayo ni masimulizi ya Unguja. Tukiyasoma kwa macho ya Ufipa tunaona wanachokosa: safari ya mbali, na nyumbani panapoendelea bila mtu aliyeondoka.

Hapo ndipo kipande kinapoingia, nacho hakikupata kuwa mtu. (Sisemi kile cha Kenya kilichovaliwa shingoni.) Kipande cha mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku ya homa haikuandikwa, wala siku ambayo mkataji hakufikisha kiwango. Mwezi wa kipande, basi, uliweza kuupita mwezi wa kalenda kwa majuma, na mshahara ulingoja kipande kijae. Wakati huo Ufipa msimu ulifuata mvua: majani yalifukiwa katika matuta yaoze, na mikono iliyobaki ndiyo iliyoyalima.

Hilo ni suala la usimulizi, si la uchumi pekee. Riwaya ya manamba itakayoufuata mtiririko wa kipande itairuka siku ya homa, kwa kuwa karatasini haipo. Itakayoihesabu miezi pamoja na mke aliyebaki kwenye matuta itaikuta.