Kijagi cha Ng'ombe Kilichoninyima Usingizi

Jamani, nimekimaliza kitabu! Saa nane usiku, mbavu zinauma, na jirani ameshanigongea ukuta mara mbili. The Code of the Woosters, riwaya ya P. G. Wodehouse ya mwaka 1938, ndiyo kwanza naisoma, uzee huu! Nani alikuwa amenificha kitabu hiki?

Sikilizeni kisa. Bertie Wooster, kijana wa Kiingereza mwenye pesa za kutosha na akili ya kuazima, anatumwa na shangazi yake Dahlia kwenye duka la vitu vya kale London. Hatumwi kununua. Anatumwa kukibeza kijagi cha maziwa! Cha fedha, umbo la ng'ombe. Akibeze mpaka muuzaji anywee na bei ishuke. Basi. Kutoka kwenye kijagi hicho unazuka wizi, vitisho, uchumba unaovunjika na kuungwa, daftari la matusi lililopotea na kofia ya polisi iliyoibwa. Kila ukurasa fundo linakaza, na wa kulifungua ni mmoja tu: Jeeves, mtumishi wake, anayeingia chumbani kimyakimya kama paka.

Na huyo Spode! Jibaba linalotaka kuitawala Uingereza, wafuasi wake wanavaa kaptula nyeusi kwa sababu mashati yalishamalizwa na vyama vingine. Kumbukeni miaka yenyewe: Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, na wafuasi wake wa mashati meusi walikuwa tishio la kweli mitaani London. Wodehouse anamfanya mbabe wake anywee kwa neno moja. Silitaji ng'o.

Asubuhi nikawahadithia wenzangu, ubishi ukaanza. Mmoja akasema sijasoma kitu, niende kwenye Right Ho, Jeeves ya 1934, ambamo Gussie, mfuga vinyama vya majini vinavyofanana na mijusi, anagawa zawadi shuleni akiwa amelewa chakari. Mwingine ni shabiki wa hadithi za Wodehouse za Blandings, za Lord Emsworth na nguruwe wake. Eti Bertie ana kelele. Nguruwe amshinde Jeeves? Nilibisha mpaka chai ikapoa, na Blandings yenyewe sijaigusa.

Lalamiko langu ni moja: mwanzoni majina yanamiminika kama wageni wa harusi, hujui nani mchumba wa nani. Vumilia kurasa chache.

Hicho cha 1934 nimeshakiazima. Jirani anisamehe tena leo.