Betri Haiharakishwi

Saa moja asubuhi mitumbwi ya dagaa imeshafika mwaloni, na vijana wanapandisha wakiwa na betri mabegani. Huku kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, taa nyingi za kuvutia dagaa usiku sasa zinawashwa kwa betri, zikichukua nafasi ya karabai. Betri zinatuliwa mbele ya kibanda cha bati cha mzee mmoja. Nimekaa naye asubuhi nyingi nikimtazama akifanya kazi ambayo wengi hudhani ni kubana nyaya mbili na kusubiri.

Kubana nyaya huja mwisho. Kwanza anaifuta betri kwa kitambaa chenye maji ya magadi, vizibo vikiwa bado vimekazwa, kwa sababu tone la magadi likiingia ndani linaiharibu asidi. Kisha anafungua vizibo vyote sita na kuchukua haidromita yake ya kupimia uzito wa asidi: bomba la kioo lenye mpira juu na kielea ndani. Anaminya mpira, ananyonya asidi kidogo, analiinua bomba hadi usawa wa jicho na kungoja kielea kitulie. Chumba cha kwanza, 1190. Cha pili, 1190. Cha tatu, 1185. Cha nne, 1150. Hapo anarudisha asidi, anapima tena, anapata 1150 ileile. Anachukua chaki na kuweka nukta juu ya chumba cha nne.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mita tu. Akaibandika mita ili nione: volti 12.1. Namba hiyo ni jumla ya vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Jumla humficha mgonjwa. Haidromita humwendea kila mmoja chumbani kwake.

Baada ya kupima ndipo anapiga hesabu. Betri ni N70, yaani ikijaa inaweza kutoa ampea 7 kwa saa 10 hivi. Taa za kijana huyu hula ampea 4, na zimewaka saa 9 usiku kucha. Nne mara tisa, 36. Nusu ya betri imeliwa, na mzee anaridhika, maana betri ya risasi inayokaushwa kila usiku haidumu. Ili kurudisha 36 lazima aingize zaidi, kama 43, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwa joto na mapovu. Anaweka chaja kwenye ampea 7, moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Saa 6 zingetosha, lakini mzee huongeza 2 au 3, kwa sababu betri ikikaribia kujaa hupokea kwa uchovu.

"Shikamoo mzee. Niwekee ampea 20, nataka kuondoka mapema," kijana anaomba.

"Marahaba mwanangu. Ushawahi kujaza chupa ya mdomo mwembamba kwa ndoo?"

Kijana anacheka, kwa kuwa ameelewa. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa kinachopita. Chaja yenye volti 12 kamili haiwezi kuijaza betri ya volti 12. Lazima isukume kwa nguvu zaidi, hadi volti 14.4 hivi. Lakini umeme ukishaingia, risasi na asidi zina kazi ya kufanya, na kazi hiyo ina mwendo wake. Ukilazimisha ampea kupita uwezo wa sahani kuzipokea, ziada inachemsha maji, inapasha betri joto na kung'oa unga kwenye sahani. Kijana ataondoka na betri ya moto yenye volti za kupendeza, na saa nane usiku taa zitafifia katikati ya ziwa.

Subira hii ilikuwamo tangu mwanzo. Gaston Planté, Mfaransa aliyeunda betri ya kwanza ya risasi inayochajika mwaka 1859, alilazimika kuzichaji sahani zake na kuzimaliza, tena na tena, kabla hazijaweza kutunza umeme wa maana.

Kuanzia saa nane mchana kibanda kinasikika. Ukiinama unasikia mchemko mdogo vyumbani, na mzee ameshafungua dirisha na mlango, kwa kuwa hewa inayotoka ni haidrojeni na cheche moja inatosha kuipasua betri. Ndiyo sababu huzima chaja kwanza, ndipo atoe vibanio. Anapima kila saa. Namba ikibaki ileile mara tatu mfululizo, betri imejaa. Akitaka kuongeza maji anaongeza sasa, yale yaliyokenekwa tu, maana asubuhi yangefurika asidi inapotanuka. Kisha anaiacha ipumzike. Mita ikiguswa mara tu chaja inapozimwa husoma volti 13 na zaidi. Mzee huziita volti za uongo. Ukweli wa betri iliyojaa ni 12.6 au 12.7, na huo huonekana ikishatulia.

Siku hizi wengine humletea betri za lithiamu. Ana chaja maalumu kwa ajili ya hizo, na hazichanganyi na za risasi hata akiwa na haraka. Seli kama ya simu hufika volti 4.2, kisha ampea zinapunguzwa taratibu mpaka zikome. Alinieleza tofauti kwa maneno machache: risasi huugua ikikaa tupu, lithiamu huchakaa ikikaa imejaa.

Ndiyo maana mbalamwezi humpa wasiwasi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na betri zinaachwa uvunguni jinsi zilivyorudi. Siku chache za utupu zinatosha salfeti kuanza kugandamana kwenye sahani. Kwa hiyo giza linapokaribia kwisha mzee hupita nyumba kwa nyumba kuzikusanya, na wiki ile anazichaji kwa ampea 2 tu, usiku na mchana.

Mara ya mwisho nilipomtembelea ilikuwa mbalamwezi. Ziwa lilikuwa jeupe na halikuwa na taa hata moja. Ile betri yenye nukta ya chaki ilikuwa mezani siku ya tatu. Alipima chumba cha nne: 1235, saa moja baadaye 1240, kisha 1245. Vyumba vingine vyote vilikuwa vimesimama kwenye 1250 tangu asubuhi. Akarudisha kizibo bila kukikaza, akavuta kiti chake, akaketi kuingoja saa nyingine.