Njia 512,000 na swichi ya Karatu

Tarehe 12 Agosti 2014, sehemu kadhaa za intaneti duniani zilizorota na nyingine zikakatika kwa saa kadhaa, eBay ikiwamo. Hakukuwa na kebo iliyokatwa. Njia zinazotangazwa kwa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana njia za kufikia anwani, zilikuwa zimekaribia 512,000; siku hiyo Verizon ya Marekani ikatangaza kwa muda mfupi maelfu ya njia za ziada, na kikomo kikavukwa.

Kikomo chenyewe kilikuwa ndani ya vifaa. Swichi kubwa hutumia kumbukumbu maalumu iitwayo TCAM, inayolinganisha anwani ya pakiti (kifurushi cha data) na njia zote kwa mpigo mmoja. Kumbukumbu hiyo ni ghali, inakula umeme mwingi, na haiongezwi kama RAM ya kompyuta. Katika vifaa vya Cisco vya 6500 na 7600, hata kadi zenye nafasi milioni moja zilitoka kiwandani zikiwa zimetengewa IPv4 nafasi 512,000 tu. Nusu ya pili iliachiwa hasa IPv6, ambayo kila njia yake inachukua nafasi mbili. Njia iliyokosa nafasi iliangukia kwa kichakataji cha kawaida, nacho kikaelemewa. Tiba ilikuwa kugawa kumbukumbu upya, kisha kuzima na kuwasha kifaa. Waliotengea IPv4 nafasi 768,000 walilazimika kurudia kazi hiyo kufikia 2019.

Mtoa huduma mdogo wa intaneti wa Karatu, mwenye wateja mjini na kwenye hoteli za ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hana sababu ya kubeba orodha nzima, ambayo leo ni takribani njia milioni moja kwa IPv4 pekee. Dereva anayetoka Karatu kwenda Dar es Salaam hahitaji kujua mitaa ya Kariakoo. Anashika barabara ya Makuyuni, mengine yako mbele. Kwa swichi, hiyo ndiyo njia chaguo-msingi: pakiti zote zisizo na maelekezo mahususi zinakabidhiwa mtoa huduma wa juu. Juu yake ziongezwe njia chache za watoa huduma wenzake wanaobadilishana mawasiliano Arusha, ili barua pepe ya jirani isizungukie Dar es Salaam.

Mpango huu una upungufu wa kweli. Mtoa huduma wa juu akipoteza njia huko mbele, swichi ya Karatu haitajua. Itaendelea kumtupia pakiti. Mwenye watoa huduma wa juu wawili afanye walivyofanya wahandisi wa huduma ya muziki ya Spotify: orodha nzima ikae kwenye kompyuta yenye RAM ya kawaida, na swichi ipewe zile njia tu ambazo wateja wanazitumia sana. Kwao zilikuwa sehemu ndogo ya orodha.

Nasi tusiwajazie wenzetu kumbukumbu za swichi zao. Mwenye anwani 1,024 zinazofuatana azitangaze kama njia moja, asizikate vipande vinne pasipo sababu. Na kila msimamizi wa mtandao aangalie leo swichi yake imebakiza nafasi ngapi, kisha aweke kengele ya kumwamsha matumizi yakifika asilimia 80.