Ufundi wa Kutazama Vidole

Mkulima wa kahawa wa Mapera, wilayani Mbinga, akikabidhiwa programu mpya ya simu na kuulizwa anaionaje, mara nyingi atajibu kwamba ni nzuri. Si uongo, ni adabu. Mgeni aliyetoka mbali kwa basi haambiwi kwamba kazi yake haieleweki.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi ya kupima programu haombi sifa wala maoni. Anatoa kazi ya kufanya: "Mama, mtumie mwanao wa Songea shilingi 20,000." Kisha ananyamaza na kutazama vidole.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye ugumu, na ndipo penye heshima ya kazi hii. Kidole kinaning'inia juu ya kioo, mama anakunja uso, na fundi kijana, aliyelelewa kuwasaidia wakubwa, anatamani kumwonyesha pa kubonyeza. Akimwonyesha, amejinyima alichokifuata, kwa sababu siku ya gulio mama atakuwa peke yake na simu yake. Fundi mzuri amekwisha kumweleza tangu mwanzo kwamba inayopimwa ni programu, si yeye, na amemwomba aseme kwa sauti kila anachokiwaza. Akisita, panaandikwa aliposita. Akirudi nyuma, kinaandikwa alichotarajia kukiona.

Anayetazama hivyo huweza kuona hata asichokitafuta. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, walianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya kwa wateja wapatao 500, Nairobi na Thika. Ilibuniwa kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiisimamia, waliona wateja wakifanya mengine: wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wengine wanaweka fedha kabla ya safari ili wazitoe salama wafikapo. Wakayachukulia matumizi hayo kuwa mafunzo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake kwa Wakenya ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Jaribio la kawaida halihitaji watu 500. Mwaka 2000 mtaalamu wa majaribio ya aina hii, Jakob Nielsen, alieleza kuwa watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Muhimu ni kuwachagua miongoni mwa watakaoitumia kweli: mkulima wa Mapera, mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay, wakala wa fedha, mwalimu, na bibi anayesomewa ujumbe na mjukuu. Waijaribu programu kwa simu zao wenyewe, zenye vioo vilivyopasuka na mtandao unaokatika.

Nielsen alishauri pia kwamba mwenye uwezo wa kuwalipa watu 15 awagawe katika majaribio matatu. Watano wa kwanza wakishaonyesha kasoro, zirekebishwe, ndipo waitwe watano wengine, maana marekebisho nayo huzaa kasoro zake.