Kutoka Maji Hadi Maji: Misafara ya Pangani Ilivyopanga Mwendo wa Korogwe na Handeni

Ukiitandaza ramani ya mkoa wa Tanga mezani, Handeni utaiona magharibi mwa Pangani, karibu kwenye mstari mmoja, kilomita 105 hivi ukipima kwa uzi. Korogwe iko kaskazini-magharibi, kando ya mstari huo, kilomita 60 na ushei kutoka Pangani na nyingine kama 60 kutoka Handeni. Mtu asiyeijua nchi hiyo angesema mara moja kwamba anayekwenda bara kwa miguu ashike uzi ulionyooka, maana kona ni hasara ya nguvu. Hata hivyo, katika karne ya 19 barabara kuu ya wapagazi wa Pangani ilipindana na mto hadi Korogwe, kisha ikaendelea Mazinde na Taveta. Njia ya Uzigua, yaani ya Handeni, nayo ilipitwa, lakini kwa majira maalumu na kwa mahesabu makali zaidi. Hoja yangu ni kwamba misafara haikupima safari kwa umbali. Ilipima kwa maji: kutoka kituo chenye maji hadi kituo kingine chenye maji. Saa ya kuondoka, uzito wa mzigo na hata mwezi wa kusafiri vilifuata kipimo hicho.

Tuanze na mzigo, maana ndiko hesabu inakoonekana wazi. Mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na kidogo, kichwani juu ya kata ya majani au nguo iliyozungushwa, au begani ikiwa ni pembe ya ndovu. Bidhaa za kwenda bara zilifungwa katika robota refu lililokazwa kwa kamba na kuitwa mtumba, neno tunalolitumia hadi leo kwa nguo zinazofika bandarini zikiwa zimefungwa vivyo hivyo. Posho ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kama kilo 0.7. Kwa msafara wa watu 100 hiyo ni kilo 70 kwa siku, mizigo miwili na ushei. Kutoka Pangani hadi Korogwe kwa njia ya mto ni kama kilomita 80, na kwa mwendo wa kilomita 16 kwa siku safari inachukua siku tano. Chakula cha siku tano ni mizigo 11 au 12. Ni mzigo wa kuumiza, lakini unachukulika. Zaidi ya hapo, mkuu wa msafara hakulazimika kubeba chakula chote, kwa sababu alibeba merikani, ile nguo ya pamba kutoka viwanda vya Marekani, na Wazigua walilima mtama na mahindi, wakauza ziada. Kitambaa kinachobebwa na mtu mmoja kiligeuka nafaka ya watu wengi mahali popote penye mavuno.

Maji hayageuziki hivyo. Mtu anayetembea na kilo 30 juani, akipika ugali jioni, anahitaji angalau lita tatu kwa siku. Watu 100 wanahitaji lita 300, ambazo ni kilo 300, mizigo 10 kwa siku moja tu, bila kuhesabu uzito wa vibuyu. Siku tatu zisizo na maji zingewafanya watu 30 kati ya 100 wawe wachukuzi wa maji, na siku sita zingekula zaidi ya nusu ya msafara. Biashara yoyote ingekufa hapo. Kwa hiyo maji hayakubebwa, isipokuwa ya kuvukia pengo moja fupi. Yalifuatwa yaliko. Mto Pangani, ambao wenyeji wa juu huuita Ruvu, hauwezi kupandwa kwa mashua hadi Korogwe kwa sababu ya maporomoko ya upande wa Hale, lakini kwa mtembeaji mto huo ulikuwa ghala lisilofungwa. Anayetembea kando yake haulizi leo atalala wapi. Akichoka anasimama. Aliyeumwa mguu anabaki nyuma nusu siku na bado hafi kiu. Uhuru huo wa kusimama popote unaweza kulipia kilomita nyingi za ziada.

Pengo lisiloepukika lilivukwa kwa ufundi ulioitwa tirikeza, ambao Richard Burton aliueleza katika kitabu chake cha 1860 kuhusu safari za bara. Kwa siku za kawaida msafara ulianza alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Tirikeza iliupindua utaratibu huo. Watu walikaa kwenye maji asubuhi nzima, wakapika, wakala, wakanywa hadi wakatosheka, wakajaza vibuyu mwishoni kabisa. Baada ya adhuhuri kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alipuliza baragumu na kushika njia. Walitembea hadi jioni, wakalala pakavu bila kupika chakula cha maji mengi, na kabla ya mapambazuko wakaondoka tena ili wafike kwenye maji kabla ya joto. Fikiria pengo la kilomita 40. Ukiondoka alfajiri kama kawaida, utatembea asubuhi, utapumzika joto lote la mchana bila maji, utalala, kisha utatembea asubuhi ya pili: zaidi ya saa 28 bila kisima, na ndani yake mchana mzima wa jua kali. Kwa tirikeza, pengo hilohilo linavukwa kwa saa 20 au 22, na sehemu kubwa yake ni usiku, wakati mwili haupotezi jasho jingi. Hakuna aliyeongeza kasi wala kupunguza mzigo. Kilichobadilika ni saa ya kuanza, na mabadiliko hayo yaliokoa karibu robo ya maji yaliyohitajika. Huu naona ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika safari za miguu za nchi hizi, na waliouvumbua ni watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Lakini tirikeza hairudiwi siku mbili mfululizo. Ukifika kwenye kisima asubuhi na kukikuta kimekauka, huna akiba ya pili. Ndiyo maana njia ya Handeni ilikuwa njia ya kalenda. Uzigua ya ndani hutegemea masika ya Machi hadi Mei na vuli za mwishoni mwa mwaka. Katikati, makorongo hukauka na maji hubaki kwenye mashimo ya mchangani na visima vilivyochimbwa na wanavijiji. Majina mengi ya vijiji vya huko, kama Kwamkono, Kwamatuku na Kwaluguru, huanza na Kwa-, na msikilizaji husikia kwamba anafika kwa mwenyeji. Maji ya mtoni hayana mwenyewe. Ya kisimani yana aliyeyachimba. Anayepita Handeni alihitaji uhusiano na watu kabla ya kuhitaji ramani. Wakati uliofaa zaidi, kwa hesabu yangu, ni Juni hadi Agosti: mashimo bado yana maji ya masika, mavuno yameingia na nafaka ni rahisi. Masika yenyewe nayo yaliondoa faida ya mto, kwa sababu wakati huo bonde la Pangani hufurika, tope likafika magotini, na mitumba ya nguo ikalowa. Kwa hiyo si kweli kwamba mto ulikuwa bora kila mwezi. Ulikuwa bora katika kiangazi, na hasa katika mwaka ambao mvua zilikosekana.

Ushahidi wa matumizi unakubaliana na hesabu hizi. Februari 1857, katikati ya kiangazi, Burton na mwenzake John Speke walitoka Pangani kwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, na baada ya kupita Tongwe waliushika mto. Februari 1887 wapelelezi Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walianzia Pangani na mamia ya wapagazi, wakafuata bonde hilo hadi Taveta, wakiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za Umasaini kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Muhimu zaidi kwangu ni orodha za njia. Mwaka 1870 Thomas Wakefield alichapisha London orodha ya njia za misafara, nyingi akiwa amesimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa pwani ya kusini mwa Mombasa. Mwaka 1882 J. P. Farler, mmisionari wa Magila, alichapisha njia za kutoka Pangani kwenda Umasaini na Ziwa Viktoria, naye kwa kuwauliza waliozitembea. Njia hizo zimeandikwa kituo baada ya kituo. Ndivyo zilivyokaa vichwani mwa wasimulizi: mlolongo wa mahali pa kulala, pana maji au hapana, pana watu gani. Wachoraji wa ramani wa London walizigeuza kuwa mistari, na mstari ulipochorwa, habari ya maji ilipotea.

Pingamizi la kwanza ni kwamba njia ya mto ilichaguliwa kwa sababu ya usalama na siasa. Vijiji vya Korogwe na Maurui vilijengwa juu ya visiwa vya mtoni kujikinga na mashambulio, na huko mbele Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde akitoza hongo, yaani ushuru wa kupita njia. Nakubali kwamba hofu ilikuwepo. Lakini hongo inathibitisha hoja yangu. Mtoza hongo hukaa mahali ambapo mpitaji hana pa kupitia pengine. Kama misafara ingeweza kuuacha mto bila hasara, ingemkwepa Semboja na kuokoa nguo. Walilipa kwa sababu kukwepa kulikuwa na gharama kubwa zaidi, nayo ilikuwa kiu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wanaokwenda Kilimanjaro ni lazima wapande na mto, na wanaokwenda Unguu na Irangi ni lazima wapite Uzigua, kwa hiyo mwisho wa safari ndio uliochagua njia, wala si maji. Hapa nakubali nusu. Mwisho wa safari uliamua upande. Ila haukuamua siku ya kuondoka, wala ukubwa wa msafara, wala kama ungegawanywa katika makundi ili kisima kiwahi kujaa tena kati ya kundi na kundi. Hayo yaliamuliwa na maji, na ndiyo yaliyotenganisha msafara uliofika na uliopotea njiani.

Lipo pingamizi la tatu ambalo sitaki kulipita haraka. Pangani ilikuwa bandari ya pembe na ya watumwa, na utaratibu huu wa vituo ndio uliowashusha mateka hadi pwani. Kuusifu ufundi si kuisifu biashara hiyo. Mfungwa mwenye mnyororo shingoni hakuchagua saa ya kunywa, na kambi yenye kisima kimoja ilimfunga kama kamba ya pili, kwa kuwa aliyetaka kutoroka alilazimika kutorokea kwenye ukame. Ujuzi uliomwokoa mpagazi ndio uliomshika mtumwa. Anayeandika juu ya njia hizi ana deni la kuyasema yote mawili.

Reli iliondoa hesabu ya miguu upande mmoja tu. Ilianza Tanga 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902, kisha ikaendelea Mombo na hatimaye Moshi mwaka 1911, ikishika bonde lilelile la wapagazi kuanzia Korogwe. Wajenzi walikuwa na sababu nyingine pia, mwinuko mdogo na mashamba ya Usambara, kwa hivyo sitadai kwamba walikuwa wakimfuata kirangozi. Handeni haikupata reli hiyo. Leo barabara ya lami kutoka Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65, na gari huimaliza bila dereva kuwaza maji. Lakini mji wenyewe bado unayawaza. Bomba kuu la Handeni, ambalo watu huliita HTM, limeyafuata maji Mto Pangani upande wa Korogwe, na mradi wa maji wa miji 28 nao umerudi kwenye mto uleule. Wahandisi wameweka pampu na matangi ya kupandisha maji hadi nchi ya juu, kwa sababu wamekuta kile ambacho Wazigua na wapagazi waliishi nacho: kiangazi kikikolea, maji ya uhakika ya Handeni yapo Korogwe.