Daluga, Wayo na Uwanja: Uchambuzi wa Marekebisho ya Kiatu cha Mpira

Daluga hufanya kazi mbili ambazo mara nyingi hupingana, kwani upande wa juu hushika wayo na upande wa chini hushika uwanja. Wayo huhitaji nafasi ya kutanuka na kujikunja, ilhali uwanja hudai kwamba njumu, yaani yale meno yaliyo chini ya soli, ziung'ang'anie udongo ili mchezaji asiteleze anapogeuka kwa kasi. Majeraha mengi yanayohusishwa na viatu hutokea pale ambapo hitaji moja limetimizwa kwa gharama ya jingine, na ndiyo sababu marekebisho mazuri huzishughulikia kazi hizo mbili kila moja peke yake.

Mfano mashuhuri wa utengano huo ulionekana tarehe 4 Julai 1954 katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi ilipokutana na Hungaria katika fainali ya Kombe la Dunia huku mvua ikinyesha. Adi Dassler, mwanzilishi wa kampuni ya Adidas, ambaye alikuwa pamoja na timu ya Ujerumani, aliwatengenezea wachezaji wake viatu vyepesi vyenye njumu za kuskurubu, na uwanja ulipolowa zikafungwa njumu ndefu zaidi. Hungaria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani haohao 8–3 katika hatua ya makundi, iliongoza kwa mabao mawili ndani ya dakika kumi za kwanza, lakini mchezo ukaisha 3–2 kwa ushindi wa Ujerumani. Kukipa kiatu sifa yote ya ushindi ule ni kuwadhulumu wachezaji. Hata hivyo, kiufundi lilifanyika jambo lenye uzito, kwa kuwa mchezaji alibaki na kiatu ambacho mguu wake ulikwisha kukizoea, kikabadilishwa upande wa chini tu, na badiliko lenyewe lingeweza kutenguliwa wakati wowote kwa bisibisi au spana.

Kigezo hicho cha kuweza kutenguliwa ndicho kinachofaa kuongoza marekebisho yote yanayofuata, lakini hakiwezi kuokoa kiatu kilichochaguliwa vibaya tangu mwanzo. Kila daluga hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu linaloamua upana wa kiatu na kimo cha nafasi ya vidole, na wachezaji wawili wanaovaa namba moja wanaweza kuhitaji kalibu tofauti kabisa. Kwa hiyo miguu yote miwili hupimwa, ikiwezekana jioni ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na mguu mkubwa ndio unaofuatwa. Ngozi laini ya asili hutanuka na kufuata umbo la wayo kadiri inavyovaliwa, na wachezaji wa zamani waliharakisha jambo hilo kwa kuvilowesha viatu na kuviacha vikauke miguuni. Malighafi ya kiwandani hutanuka kidogo sana, hivyo anayenunua kiatu cha aina hiyo akitumaini kwamba kitalegea hununua malengelenge na kucha nyeusi.

Jeraha linapokuwepo, swali la kwanza huwa ni nguvu ipi inayoumiza na ihamishiwe wapi, maana nguvu ikiondolewa mahali pamoja haipotei. Kiungo cha chini cha kidole gumba hutoa mfano ulio wazi. Mbele ya kiatu inapokwama katika nyasi na kisigino kikainuka kwa kishindo, kidole hicho hukunjwa juu kupita kiasi na kano zilizo chini yake huchanika. Jeraha hilo lilielezwa kitabibu nchini Marekani mwaka 1976, likihusishwa na nyasi bandia na viatu vyenye soli laini. Tiba ya upande wa kiatu ni bamba jembamba la nyuzi za kaboni linalowekwa chini ya soli ya ndani ili mbele ya kiatu isikunjike sana. Bamba hilo huchukua nafasi, kwa hiyo soli ya ndani yafaa ibadilishwe kwa nyembamba zaidi, na kwa kuwa kidole hakisukumi tena kama awali, kifundo cha mguu na misuli ya shavu la mguu hulazimika kufanya kazi ya ziada ambayo mazoezi yapaswa kuizingatia.

Mfupa mrefu wa tano wa wayo, ulio upande wa kidole kidogo, una tatizo lake. Sehemu iliyo karibu na shina lake hupata damu kidogo, hivyo ufa wake huchelewa kuunga na mara nyingi madaktari huufunga kwa skrubu. Soli iliyo nyembamba kuliko wayo huuacha ukingo huo ukining'inia nje, na njumu ndefu chache huukusanyia shinikizo. Hapa soli pana yenye njumu nyingi fupi ni bora kuliko kitu chochote kinachoweza kuongezwa ndani.

Kisigino ndicho kinachofanyiwa makosa mengi. Mchezaji mwenye uvimbe nyuma ya kisigino huona nafuu akikata tundu katika kile kipande kigumu kinachokizunguka, lakini kipande kilichokatwa hupoteza uthabiti, kisigino huanza kupanda na kushuka, na malengelenge hufuata. Fundi viatu anaweza kuitanua sehemu hiyo taratibu, au pedi yenye tundu katikati ikabandikwa kuuzunguka uvimbe. Pale inapouma kano kuu ya kisigino, kipande cha kuinua kisigino kwa milimita chache hupunguza mvuto wake. Huwekwa katika viatu vyote viwili ili mwili usiegemee upande mmoja, na huondolewa kadiri kano inavyopata nguvu.

Afrika Mashariki hitaji la uwanja hupuuzwa zaidi kuliko la wayo. Daluga za mitumba zenye njumu sita za chuma, zilizotengenezwa kwa viwanja laini vya Ulaya, huvaliwa katika viwanja vya udongo mkavu ambamo njumu haziingii ardhini, na uzito wote wa mwili hurudi katika nyayo kupitia nukta sita. Njumu hizohizo hazifai katika nyasi bandia kama za Nyamagana mjini Mwanza au Kaitaba mjini Bukoba, ambako kunasa kwake huweza kuizuia soli isizunguke wakati goti linazunguka. Iwapo skrubu zake bado ni nzima, njumu fupi za plastiki zenye umbo la mviringo zinaweza kufungwa badala yake na kupunguza adha, ingawa idadi hubaki sita. Anayecheza kila wiki kwenye udongo mkavu anahitaji soli yenye vijimeno vingi vifupi vya mpira, hata kama daluga zake za zamani zinaonekana za thamani zaidi.