Karatasi Ikiungua

Mwaka 1922 hati nyingi za Ireland ziliteketea mjini Dublin. Wengi wakawatafuta babu zao katika vitabu vya ubatizo vya parokia. Sisi wa Keshero twaijua hasara ya namna hiyo: mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliangamiza hata kanisa kuu la Goma.

Karatasi ikiungua, hubaki kinywa cha mzee. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo ya mdomo, afundisha kulipima neno hilo kama ushahidi, kwa kuwa nasaba hugeuzwa kwa faida ya walio hai. Twamsifu. Lakini aliwaandikia wataalamu. Huku kwetu watu hugombea mashamba kwa majina ya babu. Basi yatupasa kuwaandika wote, hata wasiotufaa.